Sauti Niliyoichukua kwa Kaka Yangu

Mtu aliyekuwa akitafsiri filamu katika chumba cha video cha tonton, mjomba wangu, aliondoka siku moja kwenda Kamituga kutafuta dhahabu, na hakuaga mtu. Jumapili hiyo watu walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi, filamu iko tayari, na hakuna wa kushika mikro. Tonton akanitazama. Mimi nilikuwa nimekuja tu kumletea chakula.

"Weye ulisoma Kifaransa mupaka mwisho," akaniambia. "Shika."

Nikashika. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ninayoifanya mpaka leo, kazi iliyowahi kunitia aibu kubwa, na ambayo hata hivyo naishukuru.

Chumba chetu kiko katika mtaa wa Kasha, upande wa Bagira. Ni nyumba ya mbao yenye paa la bati, na mvua ikinyesha kwa nguvu tunasimamisha filamu, kwa sababu hakuna anayemsikia mwenzake. Filamu zinakuja zimeshatiwa Kifaransa. Mimi nakaa kando ya ukuta mweupe tunaoonyeshea, nasikiliza, kisha nasema yote kwa Kiswahili chetu cha hapa: polisi ni mimi, jambazi ni mimi, mke wa jambazi ni mimi. Mwanzoni wanaume walicheka kumsikia mwanamke akitoa sauti ya muuaji. Baadaye walikuja kwa ajili hiyo hiyo, wakawaleta na wake zao.

Walichokipenda zaidi ni filamu za sispensi, zile ambazo mtu anafungua mlango polepole na chumba kizima kinashika pumzi. Humo ndimo nilimokutana mara ya kwanza na neno "otisti". Katika filamu hiyo kulikuwa na mtu asiyetazama wenzake machoni, aliyeweza kuzidisha hesabu kubwa kichwani haraka kuliko mashine. Majambazi walimtaka, polisi walimtaka. Daktari mmoja akasema kwamba huyu ni otisti. Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo, na mfasiri hana muda wa kufungua kamusi. Nikasema, "Huyu iko na kichwa ya mashini." Watu wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo tafsiri ikawa hiyo. Lakini filamu nyingine zikaniletea otisti wa namna ya pili: naye macho yake yako chini, naye anavaa shati lile lile kila siku, ila huyu anaua, na akiua hasikii chochote. Kwa huyo nilisema, "Huyu roho yake ni jiwe." Kichwa cha mashine au roho ya jiwe. Katika filamu zote zilizopita mkononi mwangu miaka hiyo sikukuta wa tatu.

Na haikunijia akilini hata mara moja kwamba wa tatu nilikuwa nakula naye meza moja.

Kaka yangu amenizidi miaka minne. Namwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa. Ni mrefu, mabega mapana, mikono mikubwa. Ukimwuliza, "Uko muzima?" anakujibu, "Muzima," kwa sauti isiyopanda wala kushuka, huku akitazama sikio lako. Maneno yake mwenyewe ni machache. Mengi anayachukua kwa wengine na kuyarudisha jinsi alivyoyasikia. Hataki sombe, mboga ya majani ya muhogo, iguse bugali kwenye sahani. Mashine ya kusagia unga ikiwashwa jirani, anaziba masikio na kuingia chumbani. Shule walimrudisha nyumbani akiwa darasa la pili.

Watu walimshauri mama ampeleke kuombewa. Akampeleka mara moja. Walimpigia kelele kichwani mpaka akajiuma mkono ukatoka damu, na mama akamshika akamtoa nje. Alipofika nyumbani alisema maneno ambayo nilipokuwa mdogo sikuyaelewa: "Mutoto wangu haiko na pepo. Iko na makelele mingi mu masikio." Nikimkumbuka mama wa siku hiyo, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemweleza kitu, nashangaa jinsi alivyokaribia ukweli.

Kazi ya yaya ni maji. Kila asubuhi, saa ile ile, anachukua mabidoni, madumu yetu ya maji, anateremka robineni, kwenye bomba la mtaa. Akimaliza ya kwetu, anamchotea jirani wa mlango wa pili, mama mmoja anayekaanga mandazi na kuyauza, na ambaye saa hiyo mikono yake iko kwenye unga. Anaweka bidoni mbili upande wa kushoto wa mlango. Hajawahi kuziweka upande wa kulia. Jirani ana binti mdogo, wakati huo alikuwa na miaka minne hivi, ambaye alipenda kumfuata yaya nyuma akiiga mwendo wake. Na jirani mwenyewe, huku akikanda, alimsimulia yaya habari zake zote, bei ya mafuta, ugomvi wa kwaya, bila kungoja jibu. Yaya alisimama pale mpaka aambiwe, "Aksanti, yaya, sasa enda." Ndipo aende.

Jina la hali yake tulilipata kwa mwanasaikolojia, mama mfupi mwenye miwani ambaye Jumapili moja alikuja kanisani kwetu kuongea na wazazi baada ya misa. Mama yangu alipanga mstari kumwona. Yule mama akaja kwetu mara mbili, akakaa uani na yaya, akamenya viazi pamoja naye bila kumlazimisha kusema. Mara ya pili akatuambia kwamba yaya ni otisti, yaani ana usonji, kwamba alizaliwa hivyo, na kwamba mama hakukosea kitu.

Mama akafunika uso kwa kitenge akalia. Nadhani alikuwa amelibeba swali hilo zaidi ya miaka thelathini. Mimi nikaruka na langu.

"Otisti? Kama bale ba mu filme?"

"Filme gani?" akaniuliza.

Nikamweleza zote mbili, ya hesabu na ya kuua. Alicheka, lakini si kwa dharau.

"Mu hizo filme, uliona nani anamufulia nguo? Uliona mama yake?"

Nikafikiri. Sikuwa nimemwona. Watu hao wa filamu hawakuwa na mama, hawakuwa na jirani, hawakutumwa maji. Walitokea tu wakubwa, wako peke yao katika chumba chenye giza.

Pamoja na hayo, wiki ile nilimjaribu. Alikuwa ameketi uani, nikamsogelea nikasema, "Yaya, mia tatu na makumi mbili na saba, mara kumi na kenda, ni ngapi?"

"Ni ngapi," akajibu, akaendelea kumenya.

Nakiri kwamba nilivunjika moyo kidogo.

Miezi michache baadaye ikaja filamu ninayotaka kuisema. Mwanamume anamteka mtoto wa kike, anamfungia chini ya nyumba, anawapigia wazazi simu. Katikati ya filamu mkuu wa polisi anaeleza kwamba mtekaji ni otisti, ndiyo maana hana huruma. Safari hii neno nililijua. Nilijua nani alilibeba nyumbani kwetu. Ningeweza kuiacha ile filamu, au kuliruka neno. Lakini ilikuwa filamu nzuri ya kutisha, na mimi nilikuwa na jina la kulinda.

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wetu kufanya mazoezi, nikiisikiliza filamu kwenye simu. Nilitafuta sauti ya mtekaji, sauti ya kumfanya mtu asisimke mwili. Sikuitafuta mbali. Nikachukua sauti ya kaka yangu, ile isiyopanda wala kushuka, pamoja na tabia yake ya kurudia maneno ya mwisho. "Mutoto iko na mie. Mukiita polisi, hamutamuona tena. Hamutamuona tena." Niliyasema labda mara ishirini, mpaka yakakaa sawa. Yaya alikuwa nyuma yangu, na beseni lake la viazi.

Jumapili hiyo chumba kilijaa mpaka wengine wakasimama nje dirishani. Nilipokuwa natoka, nikasikia wasichana wawili.

"Ile sauti si ni ya ule mukubwa mwenye kubebaka maji?"

Wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao. Nimeandika mambo mengi ya maisha yangu kwa urahisi, ila sentensi hiyo imenichukua siku nzima.

Zikapita wiki mbili. Alhamisi moja mchana nilikuwa narudi kutoka mjini, na nilipokata kona ya kwetu nikaona watu wamejaa mlangoni petu. Binti wa jirani alikuwa hajaonekana tangu saa sita. Watu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza. Mama alikuwa kanisani, siku yake ya kufagia, na yaya alikuwa peke yake. Wakamwuliza, "Umeona mutoto?"

Na yaya akajibu kwa maneno aliyokuwa nayo.

Nilimkuta amesimama mlangoni, viganja juu ya masikio, watu wanapiga kelele, mwanamume mmoja amemkamata shati kifuani. Ndani wengine walikuwa wamepindua kitanda chake mpaka mbao zikavunjika. Kijana mmoja alikuwa na jiwe mkononi. Mtu akapaza sauti tena, "Mutoto iko wapi?" na yaya, macho yamefumbwa, akasema kwa ile sauti, sauti yake iliyopitia kwangu ikamrudia:

"Mutoto iko na mie. Mukiita polisi, hamutamuona tena. Hamutamuona tena."

Nikajipenyeza. "Ni filme!" nikasema. "Anasema maneno ya filme!"

"Filme gani?" mwanamke mmoja akanijibu. "Tunatafuta mutoto, weye unaleta mambo ya filme?"

Sauti yangu, inayotawala chumba kizima cha video, haikumfikia mtu. Nilishika mkono wa yule mwanamume uliokuwa kwenye shati la yaya, nikaning'inia pale kama kitambaa. Niliwaza kwamba wataniulia kaka, tena kwa maneno yangu mimi.

Aliyesimamisha mambo ni dereva wa pikipiki, kijana wa mtaa ambaye hakosi filamu hata moja. Alisukuma watu, akasimama uso kwa uso na yaya, akasema kwa sauti kubwa kama mtu aliye jukwaani:

"Unataka nini? Sema, tutakupa!"

Hayo ni maneno ya baba wa mtoto katika filamu, ambayo nayo niliyafanyia mazoezi pale ngazini. Yaya akayatambua. Bila kufumbua macho akamjibu kwa yale yanayofuata:

"Sitake kitu. Munyamaze. Munyamaze."

Wakanyamaza. Sijui kama walitii au walishangaa, lakini palitulia hata nikasikia maji yakidondoka kwenye bidoni.

"Munasikia?" dereva akasema. "Ni filme ya siku ya Mungu, ya wiki mbili nyuma. Mie nilikuwa pale, na weye ulikuwa pale," akamwonyesha mwenye jiwe, "ulikaa mbele yangu. Huyu anasema tu vile dada yake alisema mu mikro."

Wote wakanigeukia.

"Ni kweli," nikasema. "Ndio mie nilimufundisha. Na ile sauti niliiba kwake."

Wengine wakarudi nyuma hatua moja. Mkono ulikuwa bado kwenye shati. Ndipo jirani akafika, mama wa mtoto mwenyewe, miguu mitupu, kitenge kimelegea, kutoka kumtafuta binti yake bondeni. Watu wakampisha. Akamtazama yaya, akautazama ule mkono.

"Muache," akasema.

"Maman, amesema mwenyewe kama..."

"Nimesema, muache! Huyu ananiletea maji kila siku, na mutoto anamufuataka nyuma. Kama angekuwa naye, mutoto angekuwa anacheka. Tungemusikia."

Mkono ukaachia. Jirani akaja akasimama mbele ya yaya, akampa mgongo, akawaelekea watu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, maana binti yake alikuwa bado amepotea, na pale ambapo mama yeyote angekimbia kuendelea kutafuta, au angemshika wa kwanza aliyetajwa, yeye alisimama kumkinga mtoto wa mwenzake. Nimemshukuru tangu siku hiyo kwa kila njia niliyoijua, na hakuna hata moja inayotosha.

Hatukukaa hivyo muda mrefu. Mama yangu alitokea juu ya njia, anatembea polepole kwa ajili ya utelezi, na mgongoni amebeba mtoto aliyelala. Alikuwa amemkuta kati ya mabenchi alipokuwa anafagia. Mtoto alifuata watu wa kwaya, akachoka, akalala.

"Kuko nini hapa?" mama akauliza.

Jirani alimtoa mtoto mgongoni mwake akaketi naye chini palepale, kwenye udongo, akimnusa kichwa. Yaya aliteremsha mikono masikioni. Akaingia ndani, akakuta kitanda kimevunjika, akatoka, akachukua bidoni, ingawa haikuwa saa ya maji.

Baadhi ya watu waliomba msamaha jioni hiyo. Wengine waliondoka kimya, na bado tunasalimiana. Yule aliyemshika shati alirudi kesho yake na msumeno na misumari, akatengeneza kitanda kutwa nzima, na mama akampa chai.

Mimi nilimwambia mama yote kuhusu mazoezi yangu ya mlangoni.

"Ile sauti ndio kitu yake iko nayo," akaniambia. "Umuachie."

Nikaenda kwa tonton kumwambia kwamba sitatoa tena sauti hiyo. Akalalamika kwamba watu wanaipenda. Nikamwambia basi atafute mfasiri mwingine. Akakuna kichwa, akaniuliza kama ninaweza angalau kubaki na sauti ya mbwa wa kwenye filamu. Tonton wangu si mtu wa maneno mazuri, lakini hakunifukuza, na Jumapili iliyofuata, nilipomwomba dakika tano kabla ya filamu, aliwasha taa mwenyewe.

Nikashika mikro. Nikawaambia: "Mu hii filme kuko mutu banasema ni otisti. Ataua batu tatu. Kaka yangu, bote munamujua, naye ni otisti. Tangu azaliwe ameua kuku moya, siku ya Noeli, na alilia."

Walicheka, na kicheko kikaisha polepole, na nikaona baadhi wanatazama magoti yao. Filamu ikaanza. Ilipofika pale polisi anaposema kwamba mtu huyu hasikii uchungu kwa sababu ni otisti, nilitafsiri kama nilivyopaswa, kisha nikaongeza langu: "Huyu polisi anasema vile, lakini hajue." Kutoka mstari wa mbele dereva wa pikipiki akapaza sauti: "Hajue!" Leo imekuwa desturi ya chumba chetu. Filamu za namna hiyo bado zinakuja, kichwa cha mashine au roho ya jiwe, na kila mara neno likitamkwa, chumba kizima kinamjibu mtu wa ukutani kwamba hajue.

Siku moja, watu walipokuwa wanatoka, baba mmoja alibaki kwenye benchi. Alikuwa ametoka Luberizi kuleta mchele, akaingia kwetu kungoja mvua ipite. Akaniuliza kwa sauti ya chini yule mama mwenye miwani, niliyekuwa nimemtaja kabla ya filamu, anapatikana wapi. Ana binti, akasema, naye huziba masikio. Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa miguu. Njiani alinieleza jinsi binti yake anavyozipanga punje za mchele kwenye mkeka, na alieleza kwa furaha, kama mtu ambaye hajawahi kupata wa kumweleza.

Yaya alikuwa hajaingia kamwe katika chumba cha video, kwa sababu ya kelele. Mwaka jana dereva wa pikipiki alimletea kofia yake ngumu ya pikipiki, ile inayofunika masikio, ajaribu. Yaya akaivaa, akaitikisa, akakataa kuivua. Basi siku moja mchana, tonton amepunguza sauti, tukamkalisha mwisho wa benchi karibu na mlango, na kofia kichwani. Filamu yenyewe hakuitazama sana. Alitazama mwanga wa filamu unaopita hewani juu ya vichwa vya watu. Ila ilipokwisha, na yale majina ya waliotengeneza filamu yakaanza kupanda ukutani, moja juu ya jingine, polepole, kwa muziki mdogo, yaya alisogea mbele akafungua mdomo. Tonton alinyoosha mkono kuzima kama kawaida yake. Jirani yetu, aliyekuja na binti yake, akamwambia, "Acha, papa, anapenda."

Sasa tonton hazimi tena. Majina yanapanda mpaka la mwisho, na kuna watu, si wengi, wanaobaki wameketi kuyatazama pamoja na kaka yangu. Mimi mikro nimeshaiweka chini; hapo hakuna cha kutafsiri.